Pesa ya Mlangoni

Jumanne, tarehe tisa Mei, mwaka elfu mbili na ishirini na tatu, na jina kamili, majina yote matatu, lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama askari wa gwaride, hayo alikwisha kuyaandika, karani mstaafu wa miaka thelathini na minne asiyewahi kurudishiwa fomu hata moja, na sasa kalamu imekwama juu ya visanduku viwili, akaunti ya akiba ya kawaida, akaunti ya muda maalumu, weka alama moja tu, huku binti yake pembeni akimweleza msichana wa benki habari zake kana kwamba yeye ni mzigo ulioletwa kupimwa, "Dada, mimi nataka ya mzee igawanywe, ya dharura ikae mahali ambapo akinyoosha mkono anaipata, ile ya ziada ndiyo ikanunue hatifungani, ilale huko izae," na msichana wa benki, "Sawa kabisa, matumizi ya miezi sita yawe karibu," karibu… karibu wapi, marehemu mkewe angesema mlangoni, pesa ya mlangoni, ndivyo alivyoiita, ndani ya birika la bati lililovunjika mdomo, kwenye rafu nyuma ya mlango wa mbele, maana mtu anayetoka mbio hapitii kabatini, anapita mlangoni, naye akimcheka, mwenzangu, pesa hiyo inaliwa na bei hapo hapo ilipokaa, ipeleke benki, akiba haiozi, na mkewe akilifunika birika kwa kiganja, "Haiozi, bwana karani, tunaooza ni sisi," wakacheka wote wawili, mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane, Agosti, la, Septemba, maana shule zilikuwa zimefunguliwa na binti huyu huyu alikuwa akililia viatu… "Baba, umeweka alama?" "Nasoma," alijibu, na kweli alikuwa akisoma, mstari wa chini kabisa, wenye maandishi madogo kama mayai ya chawa, mteja anaweza kuvunja amana kabla ya siku ya kuiva, ila atapoteza faida, mstari ambao hauhitaji miwani, anaujua kwa moyo tangu Alhamisi ile, tarehe kumi na tano Aprili, mwaka elfu mbili na ishirini na moja, saa nne asubuhi, mkewe ukingoni mwa kitanda ameshika tumbo kwa mikono miwili, anaelekeza kwa kidevu, birika, leta birika, na birika likamwagwa juu ya shuka, likatosha teksi, likatosha kuandikishwa, likatosha vipimo, pesa ya mlangoni ikamfikisha hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji, na hapo ikawa zamu ya pesa yake yeye, pesa yenye elimu, pesa yenye stakabadhi, na mhasibu wa hospitali alipouliza malipo ya awali akamjibu kwa sauti ile ya ofisini, zimefungwa hadi Jumatatu, tarehe kumi na tisa… zimefungwa, neno ni lake mwenyewe, yeye ndiye aliyelizaa, binti alisafiri akalikuta limekwisha kukomaa, akalibeba hadi msibani, akawagawia shangazi zake kila aliyeuliza, na tangu siku ile kila Jumapili anapiga simu, baba umekula, baba umelala, sauti yote ni huruma, na yeye chumbani, kikombe kimoja mezani, redio ikimtajia tarehe anayoijua tayari, anaisikia huruma ile ikimpita begani kwenda kwa mzee mwingine, yule aliyefungiwa pesa na benki, mzee mwema asiye na bahati, huyo ndiye anayependwa, huyo ndiye anayepigiwa simu, lakini huyu aliyekaa hapa na kalamu hajatembelewa na mtu miaka miwili… "Wazee wetu hawa wanapenda kusoma kila kitu," binti anamnong'oneza msichana, wanacheka kidogo, na mkewe alicheka hivyo hivyo, Ijumaa, midomo imekauka, "Umekwenda benki?" na yeye, Jumatatu, siku tatu tu mwenzangu, tupoteze faida ya mwaka mzima kwa siku tatu? na mkewe akaitazama dari, akacheka kidogo, "Haya. Wewe na tarehe zako," bila hasira, laiti ingekuwa na hasira angepata pa kuishikia, bali ilikuwa sauti ya mama anayemwachia mtoto kijiko cha mwisho… Jumapili hakuamka. Faida iliingia Jumatatu asubuhi, kamili, haikupungua senti, ikalipia turubai na viti vya kukodi, watu wakavikalia, wakampa pole, naye akaipokea, na birika bado liko nyuma ya mlango, tupu, akitoka hulipita ameinamisha macho kama mdaiwa mbele ya duka… "Maana unajua, dada," binti sasa anaongea kwa sauti, hana ubaya, hajawahi kuwa na ubaya, "mama alipougua pesa zote zilikuwa zimefungwa, baba angefanyaje, masikini?" na msichana wa benki, "Oo, pole sana, mzee," pole nyingine, imewekwa mezani mbele yake kama chenji iliyozidi, na mtu aliyesahihisha barua za wakubwa wanne kwa wino mwekundu, aliyerudisha hata tangazo la sherehe yake ya kustaafu kwa sababu ya siku moja iliyokosewa, ameliacha kosa hili lipite mara ngapi… "Baba, umeweka alama?" Bado, kalamu iko pale pale juu ya visanduku viwili, ila hasomi tena visanduku, anamtazama binti, ana kidevu cha mama yake, na maneno yanajipanga mdomoni moja baada ya jingine, kwa utaratibu wake wa siku zote: sahihisho, mwanangu, hazikuwa zimefungwa, zilikuwa zinavunjika kwa saini yangu peke yangu, na benki ilikuwa wazi Ijumaa hadi saa tisa alasiri, na Jumamosi hadi saa sita mchana.