Safu ya Ukoo

Watu wakisema mtafiti Ildefons ndiye aliyemharibia Clotilda ndoa yake, nanyamaza. Na mimi si mtu wa kunyamaza, muulize yeyote hapa Muleba. Nanyamaza kwa sababu kazi ile niliifanya mimi, kwa mkono wangu huu.

Nilikuwa karani wa zahanati yetu tangu kabla ya vita vya 1978. Mwaka 1991 Ildefons alikuja kutoka Dar es Salaam na barua ya kibali yenye mihuri mitatu. Alitaka madaftari ya zamani ya wagonjwa, ya miaka ya vita na iliyofuata, ajue Ukimwi uliingiaje vijijini. Tulikuwa tunazika kila wiki, jamani. Ningemkatalia vipi?

Ila daftari moja lilinichoma moyo. Alikuwamo Georgina, mama yake Clotilda, jirani na rafiki yangu. Mumewe hakurudi kutoka vitani. Yeye alikufa mwaka 1985, na kabla ya kufa alinishika mkono akasema, "Benadetha, mwanangu asijue. Wala watu." Nikaapa. Kijijini tukasema ni kifua, na Clotilda akakua akijua ni kifua.

"Majina hatuyataki, mama," Ildefons alinituliza. "Nakili mengine yote, penye jina weka namba."

"Na wenyewe mmewauliza?"

"Wamekufa, mama. Tungemuuliza nani?"

Nikaona ni kweli. Upumbavu gani ule! Wiki mbili nilikaa nikinakili. Daftari letu lina safu ya ukoo, maana hapa akina Georgina ni wengi, na usipoandika ukoo wa nyumba humjui yupi ni yupi. Jina lake nikaliacha. Ukoo nikauandika kwa mwandiko mzuri, na kitongoji, na mwaka wa kufa. Halafu nikajisifu kwamba nimemficha rafiki yangu.

Miezi minane baadaye Ildefons alirudi kutusomea matokeo kwenye ofisi ya kata. Alitaka wananchi tujue kilichopatikana, na kwa hilo simlaumu. Ukumbi ulijaa. Rugaibula naye alikuwapo, mshenga wa watu wa Kanazi waliokuwa wamuoe Clotilda baada ya Pasaka. Clotilda mwenyewe alikaa ubavuni pangu.

"Mgonjwa namba kumi na saba," Ildefons akasoma. "Mjane, mtoto mmoja wa kike." Akataja ukoo. Akataja kitongoji.

Mawe, mama yangu wee! Nyumba ya ukoo ule kitongojini kwetu ni moja tu, babu yao alihamia kutoka mbali. Vichwa vyote viligeuka. Ildefons akaendelea na namba kumi na nane, maskini, hakujua kitu.

"Mama Benadetha," Clotilda alininong'oneza, "mama yangu si alikufa kwa kifua?"

Nilitazama miguu yangu.

Jumapili Rugaibula alifika kwa Clotilda. Binti akamkaribisha kwa heshima, "Waitu, karibu," akamsogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomfanyia kila mgeni. Rugaibula hakutoa mikono mifukoni. Alisema watu wa Kanazi wameomba kungoja kidogo. Kungoja nini, hakusema. Aliondoka bila kugusa hata punje moja.

Habari zilinifikia kesho yake, nikaenda. Nililia kabla sijaketi. Nilimweleza yote, kiapo, barua ya kibali, namba, safu ya ukoo.

"Nililiacha jina lake, mwanangu. Nilitaka kumficha."

Clotilda alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na heri angenitukana.

"Yule bwana alisema hakuna wa kumuuliza," alisema. "Mimi nilikuwa hapa. Kutoka zahanati mpaka mlangoni kwangu ni hatua ngapi? Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Niliapa usijue."

"Sasa nimejulishwa na mkutano."

Alinipa kigoda, nikaketi. Kile kikapu cha kahawa kilikuwa mezani, kimefunikwa. Kwetu hata mtu mliyegombana naye akiingia nyumbani hupewa kahawa. Nilikaa palepale mpaka miguu ikafa ganzi, na Clotilda hakukifunua.