Miguu Minane Kwenye Murram

Tap, tap, tap, tap. Kitheka aliwasikia kabla ya kuwaona. Jua lilikuwa bado halijapanda juu ya vilima vya Tulia, na barabara ya murram, ya changarawe iliyoshindiliwa, ilionekana hatua chache tu kisha ikamezwa na vumbi na ukungu. Alifumba macho, akaanza kuitenganisha miguu ya wasichana wa timu yake mmoja mmoja. Kaluki alikanyaga kama anayegombana na ardhi. Mwongeli alikuwa mwepesi, kama unga unaoanguka kwenye sinia. Mbinya aliburuta kisigino cha kulia, tabia aliyokuja nayo kidato cha kwanza na akakataa kuiacha. Wa nne alikuwa Hibaq.

Tap, kimya, ta. Tap, kimya, ta.

Kitheka alifumbua macho. Jumanne alisikia hivyo hivyo, akajiambia ni kokoto kiatuni. Jumatano akajiambia ni uchovu. Leo Alhamisi, visingizio vilikuwa vimemwishia.

Kwenye mbio za nyika, timu huhesabiwa kwa nafasi za wakimbiaji wanne. Shule yao ilikuwa na hao wanne tu. Akikosekana mmoja, hakuna timu. Jumamosi wangekimbia Mwingi, kilomita sita, na timu moja tu ya wasichana ndiyo ingetoka huko kwenda Makindu, kwenye mashindano makubwa zaidi. Kitheka aliitaka Makindu kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu.

Wasichana wakatokea, wakasimama wakihema. Hibaq alikuwa wa mwisho, mtandio wake umefungwa nyuma ya shingo, uzito wote kwenye mguu wa kulia.

"Hibaq, kuja hapa."

"Niko sawa, mwalimu. Ni viatu tu."

"Sijakuuliza kitu bado."

"Aiya! Mwalimu ana masikio ya sungura," Kaluki akasema.

"Ruka kwa mguu wa kushoto peke yake. Mara kumi."

Hibaq aliruka. Mara ya tatu akauma mdomo. Mara ya nne akautua mguu wa pili chini, akatazama pembeni. Kitheka alipiga magoti, akapitisha kidole gumba kwenye muundi wake, juu ya soksi. Alipogusa mahali pamoja, pasipozidi kifungo cha shati, msichana akavuta pumzi kwa meno.

Kitheka alipajua mahali hapo. Miaka tisa iliyopita palikuwa kwenye mguu wake mwenyewe, na kocha wake alimwambia akaze. Alikaza. Mfupa ulikatika katikati ya mbio, na mpaka leo alitembea bega moja likiwa chini.

Na alijua maumivu ya Hibaq yalikotoka. Zamani walifanyia mazoezi kwenye mchanga laini wa mto mkavu. Malori ya mchanga yalipouchimba mto yakaacha mashimo matupu, ni yeye aliyewaleta kwenye murram ngumu, na wiki hiyo hiyo, kwa tamaa yake, akawaongezea kilomita.

"Hakimbii Jumamosi," alisema.

"Mwalimu!" Mwongeli akapiga kelele. "Ni kilomita sita tu! Adungwe sindano, akimbie, halafu alale mwezi mzima."

"Hata mimi nitambeba," Kaluki akasema.

"Wewe? Begi lako tu hubebewa na Mbinya," Hibaq akajibu. Mbinya alicheka peke yake. Hibaq akashusha sauti. "Mwalimu, baba alisema ni mwaka huu tu. Nisipofika Makindu, mbio zimeisha. Na amealika wenzake wote wa soko la mifugo. Hajawahi kuniona nikikimbia hata siku moja."

Kitheka akatoa simu, akampigia baba wa Hibaq, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Mbuzi ndio waliosikika kwanza.

"Asalaam aleikum, mzee Bulle."

"Waaleikum salaam, mwalimu! Mbuzi wa Jumamosi nimeshamchagua. Mnono!"

"Mzee, Hibaq hatakimbia. Naona mfupa umeanza kupasuka. Asubuhi hii nampeleka hospitali apigwe picha."

Mbuzi wakaendelea kulia.

"Umejua lini?"

Angeweza kusema leo. Hakuna ambaye angempinga. Alimtazama Hibaq, aliyekuwa ameshika mguu wake kwa mikono miwili.

"Jumanne."

"Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nikimwona ngamia anachechemea, simtembezi hata hatua moja zaidi. Ngamia, mwalimu! Wewe umemsikia mtoto wangu siku mbili ukanyamaza?"

"Nilitaka timu. Kosa ni langu, si lake. Usimkatie mbio kwa kosa langu."

"Na nikuachie tena kwa nini? Niambie."

Wasichana wote wanne walikuwa wakimtazama. Kitheka akamgeukia Hibaq, simu mkononi.

"Mzee, nakuahidi, na wewe Hibaq unasikia. Mguu ukipona tutaanza upya, kwenye mchanga wowote uliobaki mtoni, hata kama ni kwa kutembea. Na siku nitakayosikia hatua yako imebadilika, nitasema siku hiyo hiyo, hata kama umesimama kwenye mstari wa kuanzia huko Makindu."