Tembo wa Mikonga Miwili

Mama Philomène alipangusa meza yake karibu na stesheni ya treni, akapanga kioo cha kukuzia, kipande cha sabuni na sahani ya bukari, ugali uliobaki jana. Kazi yake ilikuwa kupima sarafu za wakati wa Wabelgiji, zile zenye tembo, ambazo watu walizifukua mchangani tangu ziwa lipande na kushuka. Wageni walizitaka zilizokosewa kiwandani tu. Iliyogongwa jiwe au kukanyagwa na lori hawakuitazama mara mbili.

Kwanza alitumia kioo. Kosa la kiwandani huinuka pamoja na picha yenyewe. Pigo la nyundo husukuma shaba pembeni na kuacha tuta. Akibaki na shaka, alimega bukari, na tembo akashuka kutoka kwenye sarafu kula. Hakuzidi mende kwa ukubwa. Aliyetoka kiwandani na kasoro yake alitembea kwa raha, kwani hakuujua mwili mwingine. Aliyeumizwa alichechemea.

Siku hiyo alikuja shemeji yake Symphorien, ndugu wa marehemu mume wake, mwimbishaji wa kwaya. Alikuwa na sarafu ya tembo mwenye mikonga miwili. Nyuma yake alifuata Papa Néhémie, mvuvi, mota ya mtumbwi wake begani. Alikuwa tayari kuitoa mota hiyo apewe sarafu. Aliambiwa kwamba huko Kigoma sarafu ya namna hiyo ingempatia mtumbwi mpya na mota mbili.

"Shemeji, sema tu ni ya kweli, tuende zetu," alisema Symphorien.

Philomène aliangalia kwa kioo, akamega bukari. Tembo alishuka, akazunguka sabuni. Mkonga mmoja ulichukua tonge. Wa pili uliburuzika mezani kama kamba ya kiatu, tembo akaukanyaga, akaanguka. Alipoinuka alimwona Symphorien, akaenda kujificha nyuma ya sabuni.

"Huyu amepigwa," alisema Philomène. "Huu mukonga wa pili njo shavu lake. Limebanduliwa na tindo."

"Alianguka mwenyewe," alisema Symphorien.

Nyuma ya sabuni, tembo alitikisa kichwa.

Philomène aliona haya mpaka masikio yakamwasha, maana aibu ya shemeji ni ya nyumba nzima. "Papa Néhémie, beba mota yako, rudi nyumbani."

Néhémie hakuondoka. Alinyoosha kidole, na tembo akakiegemea.

"Na huyu nikimuacha, atabaki kwa nani?"

Philomène alimwonyesha Symphorien kwa midomo.

Mvuvi alifikiri kidogo, kisha akaitua mota miguuni pa Symphorien. Alimtia tembo katika mfuko wa shati pamoja na sarafu yake na tonge la njiani, akaaga. Mkewe Gracieuse alimgombeza mpaka jioni, halafu akauliza kama mnyama huyo anakula samaki wadogo wa ndagala. Tangu hapo Néhémie alivua kwa kasia.

"Huoni haya?" Philomène alimuuliza shemeji yake.

"Ninaona, shemeji," alisema Symphorien, akajitwika mota.

Njiani alitafakari vizuri mahali ambapo faida ilikuwa imetokea. Wiki iliyofuata aliachana na mikonga, akaanza kuwavunja tembo miguu.