Beseni la Germaine

Jumapili, akina mama wa kanisa moja la Nchelenge, Zambia, waliwaita wakimbizi wa Kongo ili wawaombe radhi kwa kuwabagua. Germaine, aliyeuza samaki hapo miaka kumi na bado anaitwa mkimbizi, alivaa kitenge chake kizuri akaenda kuombwa. Hakuombwa. Mwenyekiti wa akina mama hao, Febby, alishika kipaza sauti, akasema, "Sisi wote damu moja," kisha akaangua kilio cha msibani. Ikambidi Germaine amshike, amfute kamasi, amwambie, "Pole, mama, pole." Watu wakapiga makofi, wakamsifu Febby kwa moyo wake wa huruma.

Jumatatu alfajiri Germaine alikuwa wa kwanza kufika ufukweni. Akaweka beseni lake mchangani, maana Ziwa Mweru zima linajua: beseni likishawekwa, mwenyewe kapanga foleni. Mitumbwi ya wavuvi ilipokaribia, Febby akatokea, akalisukuma kwa mguu, akatanguliza lake.

"Unielewe, dada. Jana nimelia kwa ajili yenu mpaka macho yamevimba."

Germaine akalirudisha beseni lake mbele.

"Basi lia tena, mama. Lakini leo utalilia nyuma yangu."