Mshale Uliolala Sifuri

"Panya wangu? Baba Candida, panya nimewaandikisha mimi kwa mjumbe? Wana kadi yenye jina langu?"

"Magunia ya mchele ni ya nani, Bi Zulekha? Wanashiba kwako, halafu wanakuja kusagia meno kwenye nyaya za gari langu!"

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, mtaa wa Mchafukoge kando ya Kariakoo, na wapangaji wa ghorofani walishatoka barazani na vikombe vya chai. Bi Zulekha, muuza mchele wa chumba cha mbele, alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na akijifunga hivyo mwenye akili hutafuta kiti. Eliasi, huyo Baba Candida, mpangaji wa chumba cha nyuma, alisimama kando ya gari lake aina ya Noah.

Kisa ni mshale wa spidi. Gari linawaka, linatembea, breki zinashika, lakini mshale umelala kwenye sifuri kama mgonjwa aliyekataa uji. Na saa nane mchana gari hilo lilitakiwa Upanga, kwenye shule iliyokuwa ikitafuta dereva mwenye gari wa kubeba wanafunzi. Mkaguzi wa shule anaingia garini mwenyewe, anazungushwa mtaa mmoja, jicho liko kwenye mshale. Watoto wa watu hawapandishwi gari ambalo dereva wake hajui linakimbia kiasi gani.

Eliasi alikuwa na miezi kumi na moja bila kazi. Mkewe, Leticia, alishasema, tena bila ugomvi: akiikosa na hii, yeye na watoto wanarudi Songea. Begi lilikuwa mlangoni, zipu imefungwa.

Fikirini, fundi umeme wa magari kutoka mtaa wa Gerezani, alianza na fyuzi. Nzima. Akalipandisha gari kwa jeki ili magurudumu yazunguke hewani. Mrisho, mdogo wake Bi Zulekha, kuli wa bandarini aliyekuwa mapumzikoni, akatandika boksi chini, akajilaza, akamshikia fundi taa. Hakuombwa na mtu. Dada yake anagombana juu, yeye anasaidia chini.

"Sensa ya kupima spidi inafanya kazi," Fikirini alisema. "Kule kwenye giaboksi taa yangu ya kupimia inapepesa. Huku nyuma ya mshale haipepesi. Umeme unapotelea njiani. Bosi, nani kaligusa gari hili karibuni?"

"Hakuna."

"Hata aliyeweka redio?"

"Fundi, nimesema hakuna! Ni panya!"

Sasa ukweli wenyewe ni huu. Jumatano jioni Eliasi alikuwa amewekewa swichi ya siri, ile ya kukata umeme ili mwizi asiweze kuwasha gari. Kariakoo ukilaza gari nje bila swichi hiyo, watu wanaona umelitoa sadaka. Aliyeiweka alimwonya: usimwambie mtu, hata mkeo. Na mtu ambaye Eliasi hakutaka ajue kuliko wote ndiye huyo aliyelala chini ya gari na taa mkononi. Wiki mbili nyuma saiti mira ya kushoto, kile kioo cha pembeni, ilinyofolewa usiku, na Eliasi, bila kuona wala kusikia chochote, alishampa Mrisho kesi hiyo moyoni mwake.

Fikirini akafuata waya kidole kwa kidole. Akang'oa mazulia, akang'oa viti. Panya hakuacha hata alama ya jino. Bi Zulekha akapiga kigelegele kimoja kifupi cha kumkomoa mtu, akaingia ndani kupika.

Adhana ya Ijumaa ikalia. Fikirini akafuta mikono.

"Fundi, unaniua! Saa nane natakiwa Upanga!"

"Ijumaa ni Ijumaa, bosi. Tukirudi nafungua dashibodi yote."

Wakaondoka yeye na Mrisho kwenda msikitini. Eliasi akabaki amekaa kwenye kiti cha gari kilichowekwa kibarazani, harufu ya pilau ikimpita puani. Akajiambia, wakirudi nasema. Waliporudi, ulimi ukagoma.

Saa nane kasoro dakika kumi Fikirini alishusha pumzi. "Nimekwama. Labda dashibodi yenyewe imekufa. Tutafute nyingine kesho."

Kesho!

"Ndani ya droo ya dashibodi," Eliasi alisema. "Nyuma kabisa. Kuna swichi."

Fikirini akaingiza mkono, akavuta fungu la nyaya zilizoviringishwa teipu nyeusi. Katikati yake waya wa spidi ulikuwa umekatwa, unaning'inia. "Aliyeiweka kakata waya usiohusika! Ungesema saa tatu, saa nne ungekuwa unakunywa chai."

"Kwa nini ulificha, kaka?" Mrisho aliuliza.

Macho ya Eliasi yakaenda yenyewe kwenye saiti mira mpya, yakamrudia Mrisho, yakaanguka chini. Mtaa ule una kasoro zake, lakini kusoma macho umefuzu. Mrisho alijifuta grisi taratibu, akaingia ndani.

Waya ukaungwa, viti vikarudishwa harakaharaka. Kwenye foleni ya Msimbazi mshale ulipanda kumi, ukapanda kumi na tano, ukashuka. Ulikuwa unafanya kazi vizuri sana. Alipofika Upanga, mlinzi hata geti hakufungua. "Kazi ameshapata mwenzako, mzee. Mkaguzi ameshaondoka."

Akarudi. Akaegesha, akashindwa kushuka. Leticia alitokea mlangoni, akamtazama usoni. Akainama, akashika mkanda wa begi.

Bi Zulekha akatoka, kanga sasa iko mabegani. Akagonga kioo.

"Umekosa?"

Eliasi akatikisa kichwa kukubali.

"Bi Zulekha, mimi kwa Mrisho nime..."

"Ulichofanya mtaa mzima unakijua. Utamwambia mwenyewe, ukiwa umeshiba. Mrisho kakataa kugusa sinia la pilau, anasema watu hawajatimia." Akageuka. "Leticia, achia hilo begi, lete watoto. Na wewe shuka, Baba Candida. Panya wangu wamekubakizia ukoko. Karibu ndani, unawe."