Mto Unaopinda Shambani Kwangu

Harusi ya binti yake Idarusi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, masufuria yalikodiwa mjini, Ngamiani. Yangu mawili makubwa, yaliyopikia harusi za watu wote hapa, yalikaa uani yamefunikwa. Nikasikiliza vigelegele nikiwa jikoni. Hapa kwetu hata mliyegombana naye unamwalika, akitaka asije mwenyewe. Usipoalikwa kabisa, ujue umetengwa.

Kisa ni mto. Kiangazi unauvuka bila kuvua viatu, lakini masika ukijaa, pale unapopinda shambani kwangu unashindwa kugeuka, unaingia majumbani. Mwaka huu uliingia kwa shoga yangu Hafsa, ukachukua magodoro na kuku, choo kikafurika. Sikatai, wana haki ya kulia. Basi wakakubaliana kona ikatwe, mto upite moja kwa moja katikati ya shamba langu mpaka mikokoni.

Afisa wa maji akaja kutoka Tanga, kijana mpole anaitwa Tahiri. Akazunguka na mabuti yake, kisha akasema mbele ya watu wote, "Kibali kinawezekana, ila kila mwenye eneo linaloguswa lazima aridhie kwa sahihi yake. Na mjue, mkiunyoosha hapa, maji yote yatamshukia yule wa chini."

Wa chini ni Devota, mama Asheri. Marehemu mumewe, Noa, alikuja pwani kukata mkonge, wakabaki. Mwanawe yuko Arusha, anapiga simu akikumbuka. Sikuwa shoga yake, tulisalimiana tu. Lakini nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Nikasema sitii sahihi.

"Devota ana nini na wewe?" Hafsa akaniuliza. "Kakuzalia?"

"Hajanizalia."

"Haya, kakae naye."

Tangu hapo baraza yangu ikafa. Zamani baada ya adhuhuri wanawake walikuja na ukili wao, vidole vinasuka, midomo inasuka zaidi: nani kaposwa, nani kaachika, mume wa nani kaonekana Horohoro mpakani. Sasa nikitoa salamu njiani naitikiwa, maana salamu hainyimwi mtu, ila miguu haisimami. Nimefikia kumsengenya jogoo kwa mitetea yake.

Harusi ilipokwisha nikashindwa kuvumilia, nikateremka kwa Devota. Nilitaka nimwambie nyumba yake i salama. Nilitaka na kushukuriwa pia, kwa nini nifiche.

"Hodi, mama Asheri."

"Karibu, Bi Mwanasiti. Mbona peke yako?"

Ua ulikuwa umefagiliwa wote, mabenchi yamepangwa kivulini.

"Unangoja watu?"

"Walisema watarudi." Akapangusa benchi kwa kanga. "Nimetia sahihi, dada."

"Umefanya nini?"

"Walikuja wote. Idarusi, Hafsa, na wengine hata majina siyajui. Wakakaa mpaka jua likapoa. Hafsa akaniosha vyombo, akanisimulia yule bwana aliyejificha kwenye banda la mbuzi mke wa pili alipokuja..." Akacheka peke yake. "Tangu tumzike Noa, ua huu haujapata kucheka."

"Maji yatapita hapo hapo ulipokaa."

"Najua. Yule kijana alinieleza vizuri."

"Utalala wapi?"

"Wamesema watanijengea huko juu, karibu nao."

"Wamesema."

Akalipangusa benchi tena. "Wewe usipotia, hawarudi. Tia, Bi Mwanasiti."

"Nitakuja mimi. Kila siku nitakuja."

Akanitazama, wala si kwa ubaya. "Wewe ni mmoja."

Nikaaga, nikapanda kurudi kwangu.

Kesho yake Idarusi akaja na karatasi, na nyuma yake Hafsa, ukili mkononi. Akakaa barazani pale pale pake pa siku zote, akaanza kusuka kana kwamba alitoka jana.

"Shoga, harusi ile!" akasema. "Wali umeungua, masufuria ya kukodi mepesi kama karatasi. Mama mkwe kanuna, bi harusi kacheka mbele za watu, hana haya!"

Nikamletea maji ya kunywa. Nikamwacha aseme yote, na kila penye kuchekwa nikacheka mpaka machozi. Idarusi akakohoa, akanisogezea kalamu.

Nikairudisha. "Mjengeeni Devota kwanza. Nikiona bati juu ya ukuta, leteni kalamu."

"Na masika yakija kabla?" Idarusi akauliza. "Watoto wa Hafsa waelee?"

"Ndiyo maana muanze kujenga mapema."

Hafsa akasimama. Akakunja ukili wake taratibu, akaenda.

Asubuhi nikateremka kwa Devota. Habari zilikuwa zimeshafika kwamba kalamu nimeirudisha. Akanikaribisha kwa adabu, akanionyesha benchi, akaingia ndani, akaegesha mlango. Nikangoja. Hakutoka.

Basi nikaanza kumsimulia harusi kupitia mlangoni: mama mkwe alivyonuna, bi harusi alivyocheka, nani alikwenda na nguo ya kuazima. Ndani kimya. Nikaendelea.