Viganja Kumi na Vinne

Samaki wa Zilpah walikuwa wamepoteza maji ambayo hawakuwa nayo. Ndivyo ilivyosema barua iliyoingia kwenye simu yake Jumatatu asubuhi, akiwa ameketi juu ya jiwe moja la ufuo wa Karungu, kando ya Ziwa Victoria, ambako mtandao hushika vizuri kuliko kwingine kote. Kilo kumi za omena wabichi, wale dagaa wa ziwani, barua ilieleza kwa upole wa watu waliosoma, hubeba maji yapatayo kilo saba na nusu. Wakikauka sawasawa hubaki kilo mbili na robo tatu hivi. Wake walibaki kilo mbili na gramu mia mbili. Ama mizani ilikosea, ama takwimu zilitungwa. Afike kituo cha masomo cha Homa Bay siku ya Ijumaa, ajieleze mbele ya mtahini. Akishindwa, jina lake lingefutwa katika orodha ya wanaohitimu.

Aliisoma mara tatu. Kila aliporudia, neno lile “zilitungwa” lilimchoma upya.

Miaka miwili alikuwa amesomea stashahada yake juu ya jiwe lile, jua na mvua. Stashahada yenyewe ilikuwa ya vyuo vikuu viwili vilivyokubaliana kugawana walimu na vifaa, kimoja cha Kenya, kingine cha upande wa Tanzania. Kutoka Tanzania lilikuja sanduku la kukaushia samaki kwa jua, lenye trei tano na paa la nailoni. Kutoka huko pia alifundisha Daktari Kagemulo, ambaye Zilpah alimjua kichwa na mabega tu, kama picha ya kitambulisho. Ufuoni watu walimtania: mke wa watu, miaka arobaini na mmoja, anaongea na simu kuhusu samaki ambao kila mtoto anajua kuwaanika. Alivumilia. Alichotaka ni siku moja ahesabiwe miongoni mwa watu ambao neno lao huandikwa.

Mikupuo mitano ya kwanza ya jaribio lake la kukausha aliilinda mwenyewe, na hesabu zilikaa sawa. Ule wa sita aliupima asubuhi, akauacha mikononi mwa mama mkwe wake, akaenda Homa Bay kufanya mitihani ya kuandika, na ndio huo uliokuja kupungua. Mama huyo, ambaye ufuo mzima humwita Nyar Muhuru kwa kuwa aliolewa kutoka Muhuru Bay, alikalia kigoda kando ya sanduku siku tatu, fimbo mkononi. Sasa Zilpah alimuuliza kama kuku walifika. Hapana. Ndege? Hata mmoja. Mama aliapa, na Zilpah alijua kwamba mama haapi ovyo.

Jumanne, Tony, mwanafunzi mwenzake wa Muhuru Bay ambaye walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana, alimtumia jedwali lake zima. Anakili tu, alimwandikia, aseme lile la kwanza lilikuwa rasimu. Zilpah aliliangalia jedwali lile safi akalitamani. Alikuwa bado analitamani jioni, Lorine jirani yake alipopita na ndoo kichwani.

“Zilpah, asante kwa ile omena. Watoto walikula wakamaliza.”

“Omena gani?”

“Ile ya kwa sanduku. Mama si alinipatia wiki jana?”

Zilpah alimwacha hapohapo. Alimkuta mama mkwe jikoni akichochea moto, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimpandishia sauti. Alimwambia kuwa ameitwa mwongo katika nchi mbili. Nyar Muhuru alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mwiko chini.

“Uliniuliza kuku, nyathina, mwanangu. Hukuniuliza watu. Lorine alinisaidia kugeuza trei. Sasa ungetaka nimwambie aende mikono mitupu, ati hii ni samaki ya mtihani?”

Zilpah mwenyewe alilelewa na viganja vya namna hiyo. Anayekusaidia kuanika, mgonjwa, mjane anayepita na kukusalimu: unachota kiganja, unampa, na hakuna anayekitaja tena. Kilikuwa jambo la kawaida mno hata hakikumjia akilini. Akaona haya, si kwa ajili ya mama, bali kwa ajili ya sauti aliyompandishia. Usiku huo hakunakili jedwali la mtu.

Ijumaa walifika Homa Bay wote wawili, kwani mama alikataa katakata kubaki. Bonface, msimamizi wa kituo, aliwasha skrini, na Daktari Kagemulo akatokea. Zilpah alieleza bila kupamba. Alipomaliza, aliamini kwamba yameisha.

“Nakuelewa,” daktari alisema. “Lakini siwezi kuandika tu kwamba samaki waligawanywa. Waligawanywa kiasi gani?”

Zilpah alikiri kwamba hajui. Hapo Nyar Muhuru akasogeza kiti mbele.

“Mimi najua, mwalimu. Siku ya kwanza sikupeana, ilikuwa maji. Ya pili, Lorine. Caren mwenye mguu mgonjwa. Nyarangi na mama yake, hao ni viganja viwili.” Aliendelea, jina baada ya jina, bila kusita, na Bonface akiandika. Walipofika mwisho vilikuwa viganja kumi na vinne.

Daktari aliomba mizani. Mama alifungua mfuko wa omena wakavu waliokuja nao, akachota na kumimina juu yake. Gramu arobaini na moja. Akachota tena: arobaini na moja. Mara ya tatu, arobaini na mbili. Bonface alipiga hesabu, akaigeuza karatasi kuelekea skrini. Ukivirudisha viganja vyote mahali pake, samaki walikuwa kilo mbili na robo tatu, na ziada ya gramu ishirini na kitu.

Daktari Kagemulo alivua miwani. Alisema amekulia ziwa hilihili, upande wa Bukoba, na bibi yake alikuwa na mkono wa namna hiyo. Alisema pia kwamba kwa miaka minne wanafunzi wake wamekuwa wakileta majedwali yenye upungufu, naye akizilaumu mizani. Jina la Zilpah lingebaki orodhani. Na jedwali lingeongezwa safu moja, ya viganja.

Machozi yalimtoka Zilpah, akayaacha yatoke.

“Ila mimi nimekaa hapa asubuhi nzima nikiwatazama tu hao dagaa,” daktari alisema.

Mama alikuwa tayari ananyoosha mkono kuelekea mfuko. Zilpah alimtangulia. Alichota kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi Bonface amwekee daktari mpaka atakapokuja, kisha akavuta ile karatasi na chini ya jina la kumi na nne akaandika: Kagemulo.